Jina linapounguza: Uhakiki wa Kiswahili cha haidroksidi kwenye lebo na vitabuni

Leo sitahakiki riwaya wala diwani. Nitahakiki karatasi ndogo yenye maneno yasiyofika mia moja, iliyobandikwa kwenye mfuko wa kilo moja wa haidroksidi ya sodiamu, ile bidhaa ambayo watengenezaji sabuni mitaani huiita kostiki. Nimehakiki kazi nyingi katika miaka yangu ya ualimu. Sikumbuki nyingine ambayo makosa yake ya lugha yangeweza kumlaza mtu hospitalini kabla ya chakula cha jioni.

Kisa chenyewe ni hiki. Shemeji yangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni kijijini kwetu, magharibi mwa Kenya. Jioni moja, shule zikiwa zimefungwa, alimwambia bintiye wa kidato cha tatu atie magadi kidogo kwenye maharagwe yaliyokuwa mekoni. Msichana akateremsha mkebe uliokuwa juu ya kabati. Kwenye mkebe huo mamake alikuwa amenakili kwa kalamu, neno kwa neno, jina alilolikuta kwenye mfuko wa dukani: "Magadi ya sabuni". Binti alikuwa ameshachota kijiko aliposita.

"Mama, mbona haya magadi yanatoa jasho?"

Swali hilo ndilo lililowaokoa. Magadi ya kupikia hayatoi jasho. Haidroksidi ya sodiamu hunyonya unyevu wa hewani hadi vidonge vyake vinang'aa na kulowana. Binti alikuwa ameviona vidonge kama hivyo kwenye maabara ya shule. Niliporudi nyumbani mwisho wa juma, aliniambia jambo ambalo limenikosesha usingizi: "Baba mkubwa, shuleni tunakijua kwa Kiingereza na mwalimu hutuonya kila mara. Hapa nyumbani sikujua kinaitwaje." Naye mamake, kwa ule utani wa mashemeji ambao ndani yake mna mwiba, akaongeza: "Shem, si wewe ndiye mwenye Kiswahili? Basi Kiswahili chenu kilitaka kutumaliza."

Nikaomba mfuko wenyewe. Nikausoma. Nikaketi kuandika.

Mbwa kali ni mbwa

Lebo hiyo ina Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Cha Kiingereza sina lawama nacho, kwani kinaeleza kila hatari inayopaswa kuelezwa. Cha Kiswahili kinaanza na jina "Magadi ya sabuni", na chini yake, kwa herufi ndogo, "sodiamu haidroksaidi".

Tuanze na jina. Katika kikundi nomino cha Kiswahili, nomino kuu hutangulia na vivumishi hufuata. Msomaji hulishika neno la kwanza, kisha yanayofuata huyachukulia kuwa maelezo ya ziada. Pilipili kali ni pilipili. Kwenye malango mengi ya Nairobi pameandikwa "Mbwa Kali", na ingawa sarufi inadai tuseme mbwa mkali, hakuna anayesoma bango hilo akadhani ndani kuna simba. Kivumishi hupunguza au huongeza sifa, lakini hakimtoi mnyama kwenye jamii yake. Kwa hiyo anayesoma "magadi ya sabuni" anasoma magadi kwanza. Akiwa na haraka, au mkebe ukiwa umefifia maandishi, anasoma magadi tu.

Wapo watakaosema tuiite "magadi makali". Hilo ni baya zaidi. Mpishi wa Kenya akisikia magadi makali atafikiri ni magadi yanayolainisha githeri upesi, na atayatafuta.

Sasa magadi ni nini hasa? Ni yale mawe na unga unaotoka, miongoni mwa kwingineko, Ziwa Magadi katika kaunti ya Kajiado. Kikemia ni kaboneti na bikaboneti za sodiamu zilizoshikamana na maji. Wapishi wetu wameyatumia kwa vizazi kulainisha maharagwe, kunde na mboga za kienyeji. Ukizidisha, chakula huwa na ladha ya sabuni na mboga hupoteza vitamini, lakini huwezi kuunguza koo la mtoto kwa chembe mbili za magadi. Haidroksidi ya sodiamu ni kitu kingine kabisa. Ina sodiamu kama magadi, lakini badala ya kaboneti ina ile jozi ya oksijeni na hidrojeni, OH, ambayo ndiyo haidroksidi yenyewe. Jozi hiyo hugeuza mafuta kuwa sabuni. Ngozi yetu pia ina mafuta. Ndiyo maana mtu akigusa kostiki iliyolowana huhisi utelezi kwanza, kisha ndipo huja moto. Ule utelezi ni mafuta ya ngozi yake mwenyewe yanayogeuka kuwa sabuni.

Nikiri kwamba aliyeandika "magadi ya sabuni" hakulitoa jina hilo hewani. Vitu hivi viwili vina udugu wa kweli. Kwa muda mrefu, kabla ya viwanda kuanza kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi ili kupata kostiki, njia ya kawaida ilikuwa kuchanganya magadi na chokaa iliyozimwa. Chokaa huchukua kaboneti na kuzama chini kama unga mweupe, na kwenye maji hubaki haidroksidi ya sodiamu. Lakini udugu si sababu ya kuwapa ndugu wawili jina moja, hasa mmoja wao akiwa huunguza.

Chokaa: utajiri na upungufu

Kuna wenzangu vyuoni ambao wakisikia kisa kama hiki hukimbilia kusema: "Unaona? Kiswahili hakifai sayansi." Huwa nawauliza kama wamewahi kukaa barazani na mzee wa pwani akiwaeleza habari za chokaa.

Waswahili wa Lamu, Mombasa na Unguja walijua haidroksidi kabla ya neno haidroksidi kubuniwa. Walipanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, wakayachoma. Kwenye joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe hutoa hewa ya ukaa na kubaki oksidi ya kalsiamu. Ukiimwagia maji, huchemka yenyewe, huvimba na kupasuka hadi ikawa unga. Kitendo hicho lugha yetu inakiita kuzima chokaa, kana kwamba moto uliojificha ndani ya jiwe sasa unazimwa. Kinachobaki ni haidroksidi ya kalsiamu. Wakakipaka kwenye kuta za nyumba na misikiti, nacho polepole kikanywa hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Mzunguko mzima wa kemia, kutoka jiwe hadi jiwe, ulisimuliwa kwa vitenzi vya kawaida: kuchoma, kuzima, kupaka, kukauka.

Chokaa hiyo hiyo iliyozimwa ndiyo iliyopakwa kwenye jani la tambuu, pamoja na popoo na katu. Wala haikutiwa kama pambo. Ukali wake ndio unaoifungua popoo ikatoa kile kinacholevya kidogo. Leo tunajua kwamba uraibu huo huleta saratani ya mdomo, lakini hilo halibatilishi ujuzi wa lugha uliokuwamo.

Ndani ya bara nako hatukuwa watupu. Kwetu magharibi, bibi zetu walichoma maganda ya maharagwe, wakapitisha maji kwenye majivu na kupata musherekha, ambayo hadi leo hutiwa kwenye mboga. Kiini chake kikubwa ni kaboneti ya potasiamu, binamu wa magadi. Waarabu nao waliyaita majivu ya aina hiyo al-qali, ndipo Wazungu wakapata neno alkali nasi tukaletewa kupitia kwao. Hapa niwaonye wanafunzi wangu: "kali" iliyomo ndani ya alkali haina uhusiano na kivumishi chetu -kali. Ni sadfa tu. Nimekwisha kusahihisha insha kadhaa zilizojenga ghorofa juu ya sadfa hiyo.

Hata hivyo, mhakiki mwaminifu hasifu tu. Neno chokaa limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Jiwe lisilochomwa ni chokaa. Lililochomwa ni chokaa. Lililozimwa ni chokaa. Mistari ya uwanja wa kandanda ni chokaa, na hata chaki ya ubaoni kuna wanaoiita hivyo. Mkulima wa Trans Nzoia au Kakamega ambaye ameambiwa udongo wake una asidi nyingi huambiwa tu "weka chokaa". Ipi? Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa, na mtu anaweza kuinyunyiza bila hofu kubwa. Akiuziwa ile isiyozimwa na kuimwaga kwa mikono yenye jasho, jasho lenyewe litaizimia pale pale kwenye ngozi. Dawa ya hili haihitaji istilahi za kigeni. Tuseme na tuandike chokaa ya kilimo, chokaa isiyozimwa na chokaa iliyozimwa. Maneno tunayo, tatizo ni uvivu wa kuyamalizia.

"Suluhisho la shida gani?"

Turudi kwenye lebo. Mstari wa pili unasema: "Msingi imara. Kutengeneza suluhisho, ongeza maji polepole." Hii ni sentensi fupi yenye makosa manne, na la nne linaunguza.

Nilimsomea shemeji yangu. Akaniuliza, "Msingi wa nyumba?" Nikamsomea tena. "Na hilo suluhisho ni la shida gani?" Maswali yake yana maana kuliko makala mengi niliyosoma kuhusu tafsiri. Mtafsiri, awe mtu au mashine, alichukua neno lenye maana nyingi katika Kiingereza, akachagua maana ya kwanza iliyomjia. Kwa hiyo kitu kinachopinga asidi kikawa msingi, kama wa jengo. Maji yaliyoyeyushwa kitu ndani yake yakawa suluhisho, kama la mgogoro wa ardhi. Kiswahili kina myeyusho, kutokana na kuyeyuka. Msomaji asiyejua kemia hata chembe akisikia "myeyusho wa kostiki" anaona kitu kilichoyeyuka majini. Akisikia "suluhisho la kostiki" haoni chochote. Kwa kile kinachopinga asidi vitabu hutumia besi au alkali. Naipendelea alkali, kwa kuwa besi masikioni mwa vijana wetu ni ule mdundo wa spika za matatu.

La tatu ni "imara". Meza ni imara. Ndoa, Mungu akijalia, ni imara. Kostiki si imara, ni kali. Hapa ndipo kivumishi -kali kinapofaa, kwa sababu hakimtofautishi mbwa na simba, kinaeleza tabia ya kitu ambacho tayari tumekipa jina lake. Wanakemia hutofautisha ukali wa kitu na kiasi chake ndani ya maji, na Kiswahili cha jikoni kimetutengenezea maneno ya tofauti hiyo. Chai ikiwa na majani mengi tunasema imekolea. Kitu kilichozidi nguvu tunakizimua. Basi myeyusho uliokolea ni ule wenye kostiki nyingi, na uliozimuliwa ni ule ulioongezewa maji. Haidroksidi ya sodiamu hubaki alkali kali hata ikizimuliwa. Sijui kwa nini mtu awe na maneno matamu kama hayo kwenye kikombe chake cha asubuhi kisha aende kuandika "imara".

Na sasa kosa la nne: "ongeza maji polepole". Kila mwanafunzi wa kemia hufundishwa kwamba kostiki hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya kostiki. Sababu ni joto. Kostiki ikiyeyuka hutoa joto jingi. Ikiingia kidogo kidogo kwenye maji mengi baridi, maji hulimeza joto hilo. Maji machache yakimwagwa juu ya lundo la kostiki, huchemka ghafla na kumrukia mtu usoni. Maandishi ya Kiingereza kwenye mfuko yanaagiza kutia ndani ya maji. Ya Kiswahili yamegeuza. Kihusishi kimoja kimepotea, na pamoja nacho kimepotea kila kitu.

Hata tungesema "changanya kostiki na maji", kama kijitabu kimoja cha mafunzo nilichoonyeshwa na kikundi hicho kinavyosema, tusingepona. Kiunganishi "na" kina usawa: Juma na Asha ni sawa na Asha na Juma. Hakisemi nani aliingia kwa nani. Katika upishi wa ugali kila mtu anajua maji hutangulia, kwa hiyo lugha inaweza kukaa kimya. Katika kostiki ukimya huo ni hatari. Kiswahili kina vitenzi vyenye mwelekeo: tia ndani ya, mimina juu ya, chovya. Tuvitumie.

Nitaje mengine mawili kwa haraka. Lebo inasema "usishawishi kutapika", kana kwamba kuna mtu anayeombwa kutapika kwa hoja. Mnyambuliko wetu unamaliza kazi kwa neno moja: usimtapishe. Kisha inasema "epuka metali nyepesi". Mama wa kijijini atajuaje kwamba sufuria yake, ile ile ya kila siku, ni ya alumini, na kwamba kostiki huila alumini huku ikitoa gesi ya hidrojeni inayoweza kulipuka? Andika "usitumie sufuria ya alumini" na kila mtu atakuelewa.

Haidroksaidi, haidroksidi, na mpangilio wa majina

Tuingie kidogo kwenye mambo ya vitabuni. Nimekusanya vitabu na kamusi kadhaa, nikakuta kitu hiki kikiitwa haidroksaidi, haidroksidi na hidroksidi. Mwandishi mmoja anatumia mbili kati ya hizo kwenye ukurasa mmoja. Je, kuna ubaya?

Upo. Majina ya kemia hayakubuniwa ili yapendeze. Kabla ya mwaka 1787 wanakemia wa Ulaya waliita vitu kwa sura zake: mafuta ya vitrioli, maua ya zinki. Mwaka huo Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walichapisha huko Ufaransa utaratibu mpya ambapo jina la kitu hueleza kilichomo ndani yake. Mwishilio mmoja ulitakiwa kuwa na maana moja kila unapotokea. Kwa hiyo swali la Kiswahili si tu tutamkeje, bali je, familia yetu ya majina inafanana uso? Ukisema kloridi, salfidi na oksidi, mwanafunzi anaona mwishilio -idi unaojirudia. Ukichanganya kloridi na oksaidi na haidroksidi, umemvunjia ngazi aliyokuwa akiipanda. Mimi nasimama na -idi: kloridi, oksidi, haidroksidi. Mwenye kupenda -aidi asimame nayo, lakini asimame nayo kila mahali.

Jambo la pili ni mpangilio. "Sodiamu haidroksaidi" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Nomino kuu hapo ni ipi? Kwa sarufi yetu ingekuwa sodiamu, ilhali tunachozungumzia ni haidroksidi. Kiambishi unganishi -a kipo kwa kazi hii hasa: haidroksidi ya sodiamu, haidroksidi ya potasiamu, haidroksidi ya kalsiamu. Ngeli ni I-ZI, umoja na wingi bila taabu. Hata metali zenye tabia mbili zinakaa vizuri: haidroksidi ya chuma(II), ambayo ni ya kijani kibichi, na haidroksidi ya chuma(III), ambayo ina rangi ya kutu. Mtahiniwa wa KCSE anayetia matone ya myeyusho wa kostiki kwenye chupa asiyoijua, akingoja kuona rangi ya kile kinachotuama, anaweza kuyasema hayo yote kwa Kiswahili kilichonyooka.

Msidhani kwamba lile neno linalofuata "ya" ni pambo. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 180 za haidroksidi ya sodiamu ili iwe sabuni ya mche. Ukitumia ya potasiamu unahitaji takriban gramu 250, na utapata sabuni laini, ile inayofaa kufanywa ya maji. Kikundi kikiuziwa mfuko ulioandikwa "magadi ya sabuni" bila neno sodiamu wala potasiamu, kitapima kwa kubahatisha. Kipimo kikizidi, sabuni itababua mikono ya wateja. Kikipungua, sabuni itakuwa ya mafuta mafuta na haitauzika.

Wala neno haidroksidi peke yake si sumu. Anayesumbuliwa na kiungulia hunywa dawa nyeupe nzito kama uji. Nyingi za dawa hizo zina haidroksidi ya magnesiamu au ya alumini. Mbona haziunguzi? Kwa sababu karibu haziyeyuki kwenye maji, basi OH yake hutolewa kidogo kidogo, kwa kadiri asidi ya tumbo inavyoiita. Lita moja ya maji huweza kuyeyusha takriban kilo moja ya haidroksidi ya sodiamu, lakini ya kalsiamu haifiki hata gramu 2, na ya magnesiamu ni chembe tu. Jina moja la ukoo, tabia tofauti. Ndiyo maana nasisitiza jina lisemwe lote, la kwanza na la pili, kama tunavyofanya kwa watu.

Neno kwa wanahabari

Na nyinyi jamaa zangu wa vyumba vya habari msicheke, zamu yenu imefika. Kila mtu akimwagiwa kitu kinachounguza mnaandika "amwagiwa tindikali". Tindikali ni asidi. Dawa nyingi za kuzibua mabomba ya sinki ni kostiki, kinyume cha tindikali. Tofauti hii si ya wasomi tu. Alkali huendelea kupenya ndani ya mwili hata baada ya maumivu ya mwanzo kutulia, na jicho likipatwa hupotea haraka. Msomaji aliyeambiwa ni tindikali huenda akamtafutia mgonjwa magadi ili "kuiua", na aliyeambiwa ni alkali akakimbilia limau. Yote mawili ni makosa. Dawa ya kwanza ni maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kisha hospitali. Kama hujui kilichomwagwa ni nini, andika "kemikali inayounguza". Ni maneno mawili tu, na ni ya kweli.

Nami ni mshtakiwa

Haitakuwa haki nimshtaki mtafsiri asiyejulikana huku nikijisafisha. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi kubwa ilikwishafanyika. Sisi huku Kenya, mimi nikiwamo, tuliipanga rafuni. Nimeketi kwenye warsha za istilahi ambamo tulibishana siku nzima kuhusu kiambishi kimoja, tukanywa chai, tukapiga picha ya pamoja na kwenda zetu. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayepeleka neno hilo kwa mwenye duka la kemikali. Kemia tunaifundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo binti wa kidato cha tatu anayo elimu maabarani na hana jina jikoni. Yule mtafsiri aliachwa peke yake na kazi ambayo ilikuwa yetu.

Tena si suala la hisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Habari ambayo mnunuzi haielewi hajaipata.

Ninayopendekeza ni madogo. Kwanza, jina la kitabuni na jina la mtaani viandikwe pamoja, kwa ukubwa sawa. Kostiki ni neno la watu, tusilionee haya. Pili, neno magadi liachiwe magadi. Tatu, kabla ya lebo kuchapishwa, isomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja atakayeitumia bidhaa, na maswali yake yaandikwe. Shemeji yangu angeitengeneza lebo hiyo kwa dakika kumi.

Kwa hakika aliitengeneza. Tuliketi naye na bintiye mezani, mimi nikishika kalamu, nao wakinirudisha nyuma kila nilipoanza kusema kama profesa. Hii hapa, na mwenye kiwanda aichukue bure:

"HAIDROKSIDI YA SODIAMU, KOSTIKI. Si ya kupikia. Huunguza ngozi, macho na koo. Vaa glavu na miwani. Tia kostiki kidogo kidogo ndani ya maji baridi. Usimimine maji juu ya kostiki. Usitumie sufuria ya alumini. Ikikugusa, suuza papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, usiache upesi, kisha nenda hospitalini. Mtu akiimeza, usimtapishe, mkimbize hospitalini. Usiihamishie kwenye mkebe wa chakula. Weka mbali na watoto."

Mstari kuhusu mkebe ni wa shemeji yangu. Mimi nisingeufikiria. Mstari wa mwisho ulikuwamo kwenye lebo ya awali, na ndio pekee tuliouacha kama ulivyokuwa.

Tulipomaliza, binti akaunakili kwenye karatasi, akaubandika kwa gundi juu ya mkebe mwingine wa plastiki wenye kifuniko cha kukaza, akaupeleka kwenye banda la sabuni nje. Ule wa magadi ukabaki jikoni, juu ya kabati, na ndani yake sasa mna magadi.